Jino Yenye Shangazi Alichagua

Weye mwenye unanisikiliza, muntu alishaka kukutosha kitu mu kinywa bila kukuuliza?

Juzi mujukuu wangu Neema, wa miaka kumi, alirudi kwa munganga wa meno akinuka karafuu. Ile harufu ikanirudisha Kimanga, kwetu kando ya ziwa, na kasirani yote ikapanda kama vile ni jana.

Nilikuwaka na miaka kama yake. Jino ya pembeni iliota juu, ikapanda benzake kama mbuzi juu ya ukuta. Chini yake kajino ka utoto kalikatala kutoka. Batoto benzangu walisemaka, "Weye ukicheka, samaki wanakimbia." Minye nilicheka vilevile.

Sasa, yaya wangu, dada yangu mukubwa, alikuwa anaolewa, na minye njo nilipashwa kumutangulia na maua. Kwetu mambo ya ndoa iko ya shangazi: anachagua nguo, anachagua nani atasimama wapi. Njo akachagua na jino. Tulikuwa tunaanika ndagala, tule tusamaki tudogo, akaniinua kidevu na vidole vya samaki, akasema, "Hii ya juu itaharibu picha." Baba akaitika. Mama akainamia ndagala.

Munganga wa jirani akanipakaa karafuu, akakamata pense, koleo ya kungolea meno. Alimuuliza shangazi mara moja tu, "Mama, hii si iko jino ya ukubwa?"

"Weye tosha, ndoa iko siku ya posho, hii jumamosi."

Akaingoa, akaitosha. Jino mupya, muzizi murefu, ya kunitumikia mpaka kufa.

Ku picha nilitoka muzuri, sikatale. Nyuma ya miaka mbili kale kadogo kakaanguka, na hakuna kitu kilikuja pa nafasi yake. Tangu pale mahindi ya kuchoma ninatafuna upande moja, na kila mara ninamugombeza shangazi, hata kama iko mu kaburi.

Munganga wa Neema njo alinifahamisha: kadogo njo kalipashwa kutoka, tena mapema, ile ya juu ishuke yenyewe. Na mama yake Neema sasa anataka meno ya mutoto yenye kukaa vibaya itoshwe mbio-mbio, juu ya picha ya komunyo yake ya kwanza kanisani. Zamani niliwaza kasirani yangu iko ya jino. Hapana. Iko ya wakubwa benye walisemezana juu ya kinywa changu, na minye niko pale, ninaanika ndagala.

Nikamwambia Neema hii yote. Akaniahidi: "Koko, kama munganga hajanionyesha mu kioo ni gani inatoka na kwa sababu gani, sifungue kinywa. Hata mama anivute masikio."