Mayai Ambayo Papa Ignace Hakuyaona

Kule Nyunzu, mashariki mwa Kongo, kabla ya vita vya 2016, Papa Ignace Numbi alikuwa na mizinga kumi na mmoja, na wafugaji wapya walitumwa kwake kujifunza. Yote ilichomwa. Baada ya kukimbilia Kalemie na mkewe, Mama Viviane, alikamata kundi moja la nyuki lililotua kwenye dari ya kanisa, akalitia katika sanduku la mbao nyuma ya nyumba.

Mwaka huu kundi lilijaa hadi nyuki wakawa wanalala nje ya mlango. Akaranda mbao, akatengeneza mizinga mingine minne. Kundi hilo ndilo lingeijaza kidogo kidogo, naye angekuwa tena mfugaji. Kwa miaka yake sitini na nane, hakuna kazi nyingine ambayo ingempokea.

Alijua kwamba kundi likijaa namna hiyo hulea malkia wapya, kisha malkia mzee huhama na nusu ya nyuki. Alikusudia kuligawa mwenyewe mapema. Lakini dada yake akafia kule kijijini Zongwe. Akaenda na Viviane kwenye matanga, wakakaa juma zima.

Waliporudi, alifungua mzinga. Pembeni mwa masega vilining'inia vyumba tisa vya malkia, kama karanga zenye maganda. Jirani yao Laurette, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ana mizinga miwili, aliingia uani.

"Papa, kesho yake ya ninyi kwenda, nyuki zilipita juu ya nyumba yangu. Nyingi!"

"Hizo za watu. Zangu njo hizi, hauone vile zimejaa?"

"Mayai uliyaona? Wewe njo ulitufundisha: usikate chumba cha malkia kama haujaona mayai. Kama hakuna mayai, malkia muzee amesha kwenda."

"Viviane, sikia muntu huyu! Kesho atanifundisha kutembea."

Viviane alicheka. Hakujua kwamba mumewe hakuwa ameona yai la nyuki tangu mwaka jana. Yai ni jembamba kama kipande cha uzi, na kwake kila tundu la sega lilikuwa giza tu. Hakuwa amemwambia mtu. Alikata vyumba vyote tisa ili malkia mzee asihame, na malkia mzee alikuwa amekwisha kuhama; sasa mzinga haukuwa na malkia yeyote.

Juma la tatu, mzinga ulikuwa ukiguna kwa sauti asiyoipenda. Akamwita mkewe, akainua sega juani.

"Angalia ndani ya matundu. Niambie."

"Mimi? Miaka yote unanifukuza hapa."

"Angalia, Mama."

"Naona vijiti vyeupe. Hapa tatu. Hapa tano. Si ni vizuri?"

Malkia hutaga yai moja katika kila tundu. Mayai matano maana yake nyuki wafanyakazi wameanza kutaga wenyewe, na mayai yao hutoa madume peke yake.

"Hapana," alisema. "Kundi limekufa."

Viviane alitazama sega, kisha akamtazama machoni.

"Tangu lini, Ignace?"

"Umwite Laurette," alisema.

Laurette alipoitwa, hakumkumbusha lolote. Alisema sega lenye mayai kutoka kwake lingesaidia majuma mawili nyuma. Sasa nyuki hao wasingekubali tena kulea malkia. Kilichobaki ni kuwakung'uta mbele ya mizinga yake miwili, wajaribu kuingia.

Walibeba sanduku pamoja hadi kwa Laurette. Papa Ignace alikung'uta sega la kwanza kwenye majani, akainama kusikiliza.

"Zinaingia?"

"Zingine, Papa."

"Na zile zingine?"

Mlangoni mwa mizinga nyuki walinzi walikuwa wakiwaburuta wageni kwa mabawa na kuwachoma. Viviane aligeuza uso.

"Zinauawa," alisema Laurette.

Papa Ignace alipapasa ndani ya sanduku hadi akagusa sega la pili, akalitoa, akalikung'uta.