Aliyekataa Kuonja

Miaka ile ya vita kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza mahakamani wazazi ambao pombe ilikaribia kuwanyang'anya watoto. Niliwapenda wengi, nikawagombeza wote. Mmoja tu ndiye aliyenifunga mdomo.

Alikuwa mjane wa mtaa wa Nyakabiga, fundi cherehani. Siku moja, risasi zikilia, aliwafungia binti zake wawili ndani akatoka kutafuta pombe. Shemeji yake wa Kinindo akaenda kuwadai mahakamani, na kusema kweli sikuweza kumlaumu. Tangu siku hiyo mama yule hakugusa hata tone, miezi saba mizima. Jaji akataka neno la bashingantahe, wazee wasuluhishi wa mtaa. Wakithibitisha kwamba ameacha pombe, watoto wangebaki naye. Wakisita, wangekwenda kwa baba yao mdogo.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Nimelelewa kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwetu huendi kwa wazee na shauri bila kinywaji. Nikanunua urwarwa, pombe ya ndizi, kibuyu kizima, nikakitua mbele yao kwa fahari, mama akiwa kando yangu. Mjinga mimi. Nilisahau kwamba mwenye shauri ndiye hutangulia kuonja, ili wazee waone haina sumu.

Mkubwa wao akamnyooshea mama mrija. Nikakurupuka kuupokea.

"Muzee, hii pombe nimeleta mi."

"We kaa, mwanangu. Shauri si yako."

Mama akautazama ule mrija. Nami nikatamani ardhi inimeze. Miaka ile, mtu akikataa kuonja alichokuletea, hukuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

"Apana, muzee," akasema polepole. "Kama munanikatalia juu ya hii, munikatalie. Mi nikionja kidogo nitamaliza yote, na kesho nitatafuta ingine. Batoto yangu banajua."

Wazee wawili wakasogeza viti vyao nyuma. Yule mkubwa akakivuta kibuyu kwake, akatia mrija kinywani, akanywa mafunda marefu bila mtu kumtangulia. Nililitazama koo lake likipanda na kushuka.

Akafuta midomo, akamgeukia mama.

"Kesho kwa jaji, mi ndiye nitasema wa kwanza. Sasa nenda upikie batoto."