Verna na Mzee Mwaminifu

Kila mgeni anayefika hifadhi ya Yellowstone, kule Marekani, humwona Mzee Mwaminifu, ile chemchemi ya moto inayorusha maji juu kupita miti. Verna Tollefsen, aliyesafisha vyoo vya hapo jirani tangu mwanawe Rodney akiwa shule ya msingi, hakuwahi kuiona ikiruka hata mara moja.

Msimcheke. Kazi ndiyo iliyompangia hivyo. Kutwa nzima foleni ya akina mama ilifika hadi nje, huna hata pa kupenyeza ufagio. Vyoo vilikuwa vitupu pale tu maji yalipopanda, maana wote hukimbilia kutazama. Basi umati ukipiga ukelele kule nje, Verna na mwenzake Luanne huingia na ndoo na matambara, wakasugua mbiombio kabla watu hawajarudi. Siku za mapumziko Verna alilala. Mgongo haukutaka kusikia habari za maji, yawe ya moto au ya baridi.

Leo ilikuwa siku yake ya mwisho, magoti yamegoma. Rodney angekuja mchana kumchukua wakaishi wote Nebraska, na huko maji hayaruki mpaka bomba lipasuke. Asipoiona leo, basi tena.

"Nenda bwana!" Luanne alimnyang'anya ndoo. "Nitasugua peke yangu. Ukirudi hujaiona, nakumwagia maji ya deki!"

"Ukizidiwa je?"

"Nizidiwe na nini, vyoo? Toka hapa, bibi we!"

Verna akatoka. Ubao wa kutangazia wageni saa ya maji kuruka ulionyesha kuwa muda umekaribia. Akajibanza kwenye benchi, kando ya bibi mmoja aliyekuwa akila aiskrimu, na uchovu wa miaka yote ukamshukia kwa pamoja. Aliona hata aibu kukaa kitako saa za kazi. Shimo likatema maji kidogo, likanyamaza, likatema tena. Alitamani kuiona, jamani, alitamani kweli.

Ghafla umati mzima ukapiga ukelele: "Aaaah!"

Verna akasimama, akageuka, akaondoka upesi. Hakuwaza lolote. Alipenya katikati ya watu walioinua nyuso na simu zao, akasukuma mlango wa choo, akanyoosha mkono kuchukua ndoo.

Luanne akamkodolea macho. "Umefuata nini?"

Verna aliutazama mkono wake mwenyewe. "Wamepiga kelele," akasema.

"Mungu wangu! Kimbia, Verna! Bado iko juu!"

Alikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu. Mlangoni akakumbana na akina mama wa kwanza kurudi, kundi zima, wakisukumana na kusimuliana walichokiona. Alipofanikiwa kutoka, palibaki mvuke tu na mawe yaliyolowa.

Angengoja iruke tena, ila Rodney alishafika na safari ilikuwa ndefu. Angeweza kumwomba asubiri. Alikuwa amechoka mno hata kuomba. Akamkumbatia Luanne, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, akapanda gari.

"Haya Mama, umemwona mzee wako?" Rodney aliuliza huku akiwasha gari.

Verna alifunga mkanda taratibu, macho yake yakitazama mikono.

"Watu walipiga kelele sana," alisema.