Kahawa ya Wadha

Bi Mahfoudha na televisheni hawapatani. Mie mtu wa Tanga, namfanyia kazi za ndani hapa Manah, kwa Waarabu, na jana jioni nimemwona kwa macho yangu akiirushia kandambili. Tulikuwa tukitazama senema kongwe ya Kifaransa: mama kamtupa mwanawe mlangoni pa watu, miaka imepita, karudi na kofia yake ya manyoya, na mtoto huyoo, anamkimbilia!

"Mpumbavu we!" akafoka. "Na aliyekulea?"

Israa, kakaa ubavuni pake, alicheka. Bi Mahfoudha hakucheka, kwani leo Wadha alikuwa anakuja kutoka Sur, naye aliogopa Israa asije akakimbia vilevile.

Wadha ndiye aliyemzaa Israa. Alikuwa jirani hapa. Akaachika, akapata mume wa Sur asiyetaka mtoto wa mwanamume mwengine, akamwacha kichanga mikononi mwa Bi Mahfoudha, ati nakwenda narudi. Thubutu! Bi Mahfoudha alikuwa akimnyonyesha mwanawe Badar, basi akawapakata wote wawili. Watu wakamsema, naye akawajibu: maziwa yangu, nampa nimtakaye. Sasa Israa ni mwalimu Nizwa, anaolewa, na Wadha kasikia.

Kaja ananukia udi. Nikamtilia kahawa, akakiweka kikombe chini, hakukigusa. Hapa mgeni akiiweka kahawa hivyo ana haja, hainywi mpaka akubaliwe, na mwenye nyumba kukataa ni aibu kubwa.

"Arusi itoke kwangu, Sur," alisema. "Nimemzaa mimi."

"Umemzaa, nani kabisha?" Bi Mahfoudha akajibu. "Kahawa na ipoe. Hata ikiota ukungu, sikupi."

Ya Rabbi! Wadha akamgeukia Israa. "Basi sema wewe, mwanangu."

Bi Mahfoudha, asiyekosa la kusema hata siku moja, akainamia mtandio wake, akawa anaukunjakunja ncha. Nilimwonea uchungu mpaka nikatamani kumtoa yule mgeni kwa fagio.

Israa akainuka, akakichukua kikombe cha Wadha, akainywa kahawa yote mwenyewe, kisha akakitikisa, kama wafanyavyo hapa mtu akitosheka.

"Arusi yangu inatoka hapa, kwa mama," alisema. "Nawe karibu, Bi Wadha. Wageni wote tunawaalika."

Bi Mahfoudha alilia kwa kwikwi, mbele yetu sote. Kisha akanigeukia mie, macho mekundu.

"We Kuruthum, umeganda nini? Mtilie mgeni kahawa nyingine, ya moto!"