Siku Baligeuza Kitambaa ya Numbi

Mucheke tu, na mi nachekaka, lakini ile siku, kama udongo ingefunguka pale ku masomo, ningeingia ndani na viatu yangu yote.

Ilikuwa wakati ya bacitoyens, serikali ilikatala «monsieur» na «madame», tunaitana citoyen na citoyenne, tunaikala hapa hapa ku komine ya Kenya (hapana ile inchi), mutoto wangu Numbi anasoma kushona. Mwisho ya mwaka balimu banatandika kazi ya kila mutoto ku meza, mbele ya bamama, banaangaria nani anayua nini, nani anakosa nini. Mwenye kuweza anapanda ku mashini, mwenye hawezi anarudia sindano mwaka muzima. Numbi alikuwa anaota mashini tu. Alidarizi kitambaa ya meza, maua tatu, ya ine ikabakia nusu, na asubui yenyewe, akienda kuoga, mi nikasema acha nimusaidie kidogo (sikusoma, lakini sindano nayua, ao nilizania nayua), nikamaliza ile ua, ikatoka nene, nyekundu, nikakunja, nikamupa.

Ku masomo nikaikala mbele, kitenge mupya, kichwa juu. Mwalimu, mwanamuke murefu wa kusemea ku pua, akainua kitambaa: «Ci-to-yen-nes, muangarie, muzuri sana!» Nikamudunga jirani kiwiko. Kisha akaigeuza. Akaigeuza! Nani anaangariaka mugongo ya kitambaa? Maua tatu ya Numbi, nyuma safi sawa mbele. Ya ine, mafundo tupu, nyuzi inapitana sawa nywele ya muntu wa wazimu. Directeur, mukubwa wa masomo, abacost (ile koti ya bila kravati) inamubana tumbo, akakohoa: «Hum. Hum. Mutoto anaanza muzuri, anamaliza mubaya. Hana uvumilivu. Mashini, bado. Arudie.»

Numbi akaniangaria. Kama angesema «ni mama», angepona. Hakusema.

Njo nikasimama, kitenge ikafunguka (iyo tuache), nikapiga kelele: «Citoyen directeur, mwenye kukosa uvumilivu ni mi! Ile ua ni yangu!» Bamama balicheka mupaka benchi ikapinduka. Directeur hakusadiki, akamupa Numbi sindano, ashone ua ingine pale pale mbele ya bote. Akashona. Bakageuza: safi. Akapanda ku mashini.

Mi nikazania nimepona. Mwalimu akanishika mukono, pole pole: «Mama, rangi unayua kuchagua. Mukono iko na nguvu. Unakosa tu kufunga uzi. Utakuya na bale ba kurudia.» Mi, na ukubwa hii yote, ku benchi ya batoto! Nilienda. Na Numbi, akitoka ku mashini, anaikala pembeni yangu, anachukua ile sauti yangu ya kumugombeza: «Mama! Geuza kwanza!»

Leo bajukuu bakileta kazi ya masomo, naikalia mikono yangu yote mbili. Kitambaa iko ku meza yangu, Numbi alikatala nifumue ua yangu. Ile ua naifunikaka na sahani ya bukari, ugali yetu. Akikuya kunitembelea, hata hayanisalimia, anasogeza sahani.