Wajinga Niliowahesabu

Mimi ndiye niliyewahesabu wale wajinga. Ninalisema hilo wazi, maana wenzangu husema "tulihesabu," kana kwamba kulikuwa na kamati. Kamati gani? Daftari langu, mwandiko wangu.

Nilikuwa karani wa takwimu kwenye kiwanda cha nguo Morogoro, miaka ile ya soko huria, viwanda vya umma vinauzwa na kila wiki tunasikia habari za orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha maigizo. Kiongozi wake, mtunzi wa michezo yake yote, alikuwa fundi mitambo, Mnyamwezi wa Tabora, na mimi Mluguru, kwa hiyo tulikuwa watani. Akinikuta getini ataniita mtumwa wake mbele za watu, nami namjibu kwamba babu zake walipita hapa na mizigo ya wenyewe kichwani wakasahau njia ya kurudi. Tukishacheka, siku imeanza vizuri.

Basi bwana utumishi akautamani ukumbi wa kikundi, ampangishe mtu wa kuonyesha mikanda ya video. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Wazee wenu wa milimani wanalalamika kila mjinga kwenye michezo ile ni Mluguru. Nihesabie."

Nikaipitia michezo yote. Kweli, karibu kila mjinga alikuwa Mluguru. Lakini daktari naye Mluguru, hakimu Mluguru, na yule mama mwerevu anayewanasa wezi, Mluguru vilevile! Kikundi chenyewe kilijaa Waluguru, wakiigiza kwa lafudhi ya kwao. Nikamweleza. Akaweka kidole juu ya orodha ya kupunguzwa iliyokuwa mezani.

"Nimekuuliza wajinga. Nani kakuuliza madaktari?"

Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Nikaandika wajinga tu. Karatasi ile haikuwa na uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililonikaba. Ingekuwa ya uongo ningeikana.

Akaitisha mkutano na wazee wale, akaisoma kwa sauti, akirudia neno "takwimu" kama mtu anayesoma dua. Wazee wakawaka. "Anatudharau huyu!" Mtani wangu akasimama, wala hakukasirika, akanigeukia mimi.

"Mtani, na wenye akili je? Hao umewahesabu?"

Nilikuwa nimewahesabu. Walikuwa kwenye daftari lilelile, mapajani mwangu. Bwana utumishi ananitazama, mtani ananitazama, na mlango uko mbali. Nilijichukia.

"Sikuagizwa," nikasema.

Akakaa. Kikundi kikavunjwa, na orodha ilipobandikwa jina lake lilikuwa la kwanza. Langu halikuwamo.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Kwetu maiti haizikwi hivi hivi wakati mtani yupo. Yeye ndiye anayejilaza kaburini akagoma kutoka, na kumwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtani wangu alikuja. Akatoa pole, akaketi mkekani pamoja na majirani, mikono magotini. Nikangoja aanze. Jeneza likatolewa, bado amekaa.

Mama mdogo akashindwa kuvumilia, akamfuata. "We Mnyamwezi, vipi? Mtanie basi dada yangu, anaondoka huyo!"

Akainuka kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkwewe.

"Nisamehe, mama. Utani wangu ulishahesabiwa."

Mama mdogo hakuelewa, akanigeukia mimi nimweleze. Nikamwambia twende, jeneza linatuacha.