Inshallah Tatu za Bi Hilwa

Waliomjua Bi Hilwa walijua kwamba ana inshallah tatu. Ya kwanza ni fupi, huitamka akikutazama usoni, na maana yake ni ndiyo. Ya pili huivuta kidogo, maana yake tutaona. Ya tatu huivuta mno, "inshaaallah," macho yakiwa kwenye sindano, na hiyo, ndugu yangu, hata ukingoja mpaka kiama hupati kitu. "Hapana" hakuwahi kumwambia mtu. Mama yake kule Unguja alimfundisha kwamba hapana ni neno la kumfukuzia kuku. "Nataka" lilikuwa baya zaidi.

Alikuja Dubai akiwa bibi harusi, na kwa miaka thelathini na moja alikaa nyumba ileile ya Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa. Alishona kofia za viua, na dirisha la sebuleni lilimpa mwanga mzuri wa kutobolea vitobwe vyake vidogo kama punje za ulezi. Marehemu mumewe, Thuwein, ndiye aliyekiweka kiti pale dirishani. Tangu afariki, hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Basi siku moja akaja Mohannad, kijana wa ofisi inayosimamia jengo. Yeye mwenyewe mjukuu wa Waunguja, ila kazaliwa hapahapa.

"Shikamoo, bibi. Arbab, mwenye jengo, anataka kukarabati, mabomba yameoza. Mwisho wa mwezi utahama, sivyo?"

Bi Hilwa akainamia sindano. "Inshaaallah, mwanangu. Hebu kunywa kahawa."

Mohannad akanywa kahawa, akatafuna kashata mbili, akaenda kumwambia arbab kwamba bibi amekubali. Maskini, Kiswahili cha nyumbani alikijua, lakini inshallah zote kwake zilikuwa moja.

Mwisho wa mwezi wakaja mafundi wawili na ngazi na ndoo za rangi. Bi Hilwa akawakaribisha chai ya maziwa na mandazi. Wakanywa, wakaongezewa, wakanywa tena, hata wakaona haya kuuliza vyombo vitatoka saa ngapi. Ndivyo alivyowakuta Rispah, jirani Mkenya wa jengo la pili, mchapaji katika ofisi ya kuchapa hati za serikali.

"Bi Hilwa, hawa ni wageni ama?"

"Wamekuja kupaka rangi. Mie nilisema inshallah tu."

"Inshallah gani?"

"Ile ndefu."

Rispah akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akampigia Mohannad simu, na hapo hakuwa anacheka.

"Boss, sikiza. Kumtoa mpangaji juu ya ukarabati ni notisi ya miezi kumi na mbili, ya maandishi, kupitia notari ama barua ya rejista. Na ripoti ya baladia, manispaa yenyewe, iseme hiyo kazi haiwezekani akiwa ndani. Hii chai mafundi wako wanakunywa si notisi."

Mohannad akaja mbio, jasho linamtiririka. "Khalas, bibi, nimekosa." Rispah akamkalisha na kumsomesha inshallah zote tatu, moja moja, na urefu wake.

Tangu hapo mambo yakaenda kwa utaratibu. Wakaguzi wa baladia wakathibitisha kwamba mabomba yameoza kweli, notisi ikaja na mihuri yake, na Bi Hilwa akapata mwaka mzima wa kushona dirishani pake. Mwaka ulipotimia na mkataba kwisha, akahamia Sharjah kwa mpwa wake Hind, yeye na kiti chake. Hind alimpenda na kumlisha vizuri. Lakini dirisha la kule lilitazama ukuta, na Bi Hilwa alijiona mgeni asiyejua ataondoka lini. Alilia mara moja tu, jikoni, akavisingizia vitunguu.

Miezi ikapita, simu ikalia.

"Bibi, jengo limekwisha," Mohannad akasema. "Sheria inakupa wewe nafasi ya kwanza kurudi, lakini jibu lako lije ndani ya siku thelathini. Utarudi?"

Furaha ilimjaa hata neno likamponyoka na kurefuka lenyewe.

"Inshaaaallah!"

Mohannad akashusha pumzi. Safari hii alikuwa mwanafunzi mzuri. Akaandika: bibi amekataa.

Siku ya ishirini na saba Rispah akaona watu wasiojulikana wakipimia mapazia kwenye lile dirisha. Akapiga simu Sharjah.

"Bi Hilwa, umekataa nyumba?"

"Nani kakataa? Mie nangoja waniite. Si adabu kuwaharakisha watu."

"Uliwaambia inshallah gani?"

"Ndefu. Lakini nilikuwa nafurahi, jamani!"

"Mficha uchi hazai, Bi Hilwa. Njoo ofisini kwetu sasa hivi."

Alifika na buibui limekaa upande. Mohannad alikwishaitwa, amesimama kama mshitakiwa. Rispah akaweka vidole tayari. "Sema, nichape."

"Andika kwamba, kama arbab haoni uzito..."

"Hiyo siandiki."

"Andika kwamba mpangaji wa zamani, ikiwezekana, angependelea..."

"Bi Hilwa!"

Akakikumbuka kile kiti, kimepangwa na masanduku huko Sharjah, kinatazama ukuta.

"Nataka nyumba yangu," akasema, na ofisi nzima ikageuka.

Akaziba mdomo kwa upindo wa buibui, kwa aibu. Kisha akaona neno lenyewe tamu, akalirudia. "Nataka nyumba yangu. Ndiyo. Andika yote mawili."

Rispah akachapa, Bi Hilwa akatia saini, Mohannad akapokea nakala kwa mikono miwili.

"Basi Jumamosi utahamia, bibi?"

"Inshallah."

Mohannad akaganda, karatasi mkononi, akamgeukia Rispah.

"Fupi hiyo," Rispah akasema. "Tafuta gari la vyombo."